Chupa tupu hurudi Goma, kwa nini betri iliyokufa ibaki Mweso?

MWESO, MASISI – Ndugu wasikilizaji, wamama na wababa mlioko Mweso, Kashuga, Kalembe, Kitchanga na Pinga, nanyi ndugu zetu mliokimbia vita na sasa mnaishi katika familia zilizowapokea, katika mashule na makanisa, au chini ya shitingi: leo hatuzungumzi juu ya nani ameshika kilima gani. Tunazungumza juu ya kitu ambacho karibu kila nyumba inacho, chini ya kitanda, pembeni ya jiko au katika shimo nyuma ya choo. Ni betri iliyokufa, taa ya sola isiyowaka tena, simu iliyovimba tumbo, redio iliyonyamaza. Swali letu ni moja: vitu hivi vililetwa na nani, na ni nani atavitoa?

Angalieni chupa ya Primus. Hapa kwetu hata mtoto anajua maana ya vidange. Ukitaka kasha lililojaa, leta kasha tupu. Kama huna, lipa bei ya chupa. Kwa sababu hiyo mtoto hachezei chupa kwa kuivunja, mwenye duka anaihesabu kila jioni, na gari lililoleta bia linarudi Kitchanga, Sake hadi Goma likiwa na makasha matupu. Hakuna semina iliyofanyika ili tujifunze jambo hilo. Hakuna tisheti wala kofia zilizogawiwa. Chupa ina bei na ina kwao, basi inarudi.

Betri ikishakufa haina bei na haina kwao. Basi inabaki kwetu, ndani ya shamba la maharagwe, katika mfereji unaoteremka kwenda mto Mweso, mikononi mwa watoto.

Msimamo wetu ni huu, na tunausema bila kuzunguka: aliyeleta arudishe. Mfanyabiashara anayeleta taa za sola kutoka Goma, shirika la kiutu linalogawa redio na taa kwa wakimbizi, mwenye kuuza betri za gari kwa ajili ya sola, kila mmoja wao apewe deni la kuvichukua tena vikishakufa. Mzigo huo usitwikwe mwananchi wa Mweso, na hata kidogo usitwikwe mkimbizi.

Tunasema hivyo kwa sababu tumechoka kusikia wimbo ule ule wa kuhamasisha raia. Kila anapokuja mgeni wa mazingira, tunaambiwa kwamba watu wa hapa hawajui usafi. Si kweli. Watu wa hapa wanafanya salongo. Wanafagia, wanakusanya, wanachimba shimo, wanatia moto. Kwa maganda ya ndizi na majani ya mahindi, hiyo ni kazi nzuri. Lakini kwa betri, kukusanya zote katika shimo moja na kuzichoma ni kutoa sumu mahali ilipokuwa imefungwa na kuipeleka katika moshi na katika maji. Raia amefanya yote aliyofundishwa. Kilichokosekana ni mahali pa kupeleka. Ukimhamasisha mtu asitupe, halafu usimwonyeshe pa kuweka, umempa lawama tu.

Tujiulize vitu hivi vimefikaje kuwa vingi namna hii. Wengi wetu hatuna umeme wa nyaya. Mwanga wa usiku, habari za asubuhi, sauti ya ndugu aliyebaki Pinga au aliyefika Goma, vyote vinatoka kwenye betri. Familia inapokimbia, simu na taa ndogo ya sola vinafungwa pamoja na sufuria na kitambulisho. Mama anayejifungua usiku katika kituo cha afya anahitaji taa. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia tupunguze kutumia. Tunahitaji taa zaidi, si chache. Lakini taa za bei ndogo zinazojaa masokoni hazidumu, na ikifa moja inanunuliwa nyingine. Kila taa iliyoingia Mweso ni mzigo ambao siku moja utataka kutoka.

Sasa tuseme wazi ni nini kimo ndani.

Betri za redio na tochi, zile ambazo wazee wengi bado wanaziita mawe, zina zinki na ule unga mweusi wa manganezi. Tunaujua unga huo. Tunazipasua betri ili kupaka ubao wa shule na kuremba kuta za nyumba. Vumbi lake likivutwa na mtoto kila siku si jambo la mchezo, maana manganezi ikizidi mwilini inashambulia mishipa ya fahamu.

Betri za simu na za taa nyingi za sola za siku hizi ni za lithiamu. Ikitobolewa kwa msumari, ikipondwa au ikitupwa motoni, inaweza kulipuka na kuwaka moto mkali. Mnajua vibanda vya kambi vinavyojengwa: miti, majani, shitingi, kimoja kimegusana na kingine. Mnajua pia moto ukianza kibanda kimoja unafika wapi.

Halafu kuna betri kubwa, ya gari, ya moto au ya sola. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, yaani plombu, na ndani yake kuna asidi. Sisi watu wa Masisi tunaijua risasi kwa sura moja, ile inayotoka kwenye bunduki, na tukiisikia tunalala chini au tunakimbia. Risasi ya betri haina mlio. Inaingia kwa vumbi, kwa mikono isiyonawiwa, kwa chakula kilichopikwa karibu na pale betri ilipopasuliwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto anaumwa tumbo, anapungukiwa damu, anachelewa kuelewa masomo, na ikizidi anapata kifafa na kufa. Akili iliyoharibiwa na risasi utotoni hairudi. Risasi ya bunduki tunaikimbia, lakini risasi ya betri tunailaza nyumbani pamoja na watoto.

Wengine watasema tunawatisha. Basi wasikie ya Senegal. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watu maskini walikuwa wakipepeta mchanga wenye mabaki ya betri za gari ili wauze risasi. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa. Wamama wale hawakuwa wajinga. Bei ya risasi ilikuwa imepanda, na hakuna aliyekuwa amewajengea njia nyingine.

Na ya Kenya iko karibu zaidi nasi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu ukutani pa nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani, Phyllis Omido, aliona mtoto wake aliyekuwa akinyonya anaugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini mwa mtoto. Alipaza sauti, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikapanda na kushuka, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa haki wanakijiji. Angalieni urefu wa safari hiyo. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014. Risasi ilibaki ndani ya udongo na ndani ya mifupa ya watoto.

Tunatoa mfano huo pia kwa sababu nyingine: hata kukusanya kunaweza kuwa hatari kama njia imejengwa vibaya. Hatutaki tanuri la kuyeyusha betri hapa Mweso. Hatutaki kijana afungue betri ya gari kwa panga ili auze risasi kwa kilo, wala fundi ayeyushe mabaki yasiyojulikana kutengeneza sufuria tutakazopikia. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita, ndiyo. Wanachukua shaba na aluminiamu, wanaacha chenye sumu. Hiyo si njia ya kusafisha mji. Huko ni kula nyama na kutuachia mifupa.

Tunajua jibu tutakalopewa: vita iishe kwanza. Watasema, Januari 2024 mabomu yalianguka Mweso, raia wakafa, maelfu wakajaa ndani ya hospitali wakitafuta usalama, na ninyi mnaandika juu ya betri? Ndiyo, tunaandika. Tulizika watu wetu na hatujasahau. Lakini ni vita hiyo hiyo iliyojaza vitu hivi hapa. Ni vita iliyosongamanisha familia kumi mahali palipokuwa na familia mbili, ikamfanya kila mtu ategemee taa ya mkononi, ikaleta magari ya misaada yanayoshusha mizigo na kurudi matupu. Tukisubiri amani ndipo tuanze, amani itatukuta na udongo ulioharibika, na mkimbizi atakayerudi shambani kwake atalima juu ya sumu. Tumengoja vitu vingi. Hiki hakingoji nasi.

Jibu la pili ni kwamba betri za Mweso ni kidogo, si kama za Goma au Kinshasa. Vizuri! Kama ni kidogo, basi zinabebeka. Gari moja moja linatosha. Ni rahisi kujenga njia leo kwa mapipa machache kuliko kuchimbua mlima kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi njia yenyewe iweje? Tumeifikiria kwa kuangalia jinsi watu wa hapa wanavyoishi, si kwa kuangalia miji ya Ulaya.

Kwanza, mahali pa kukusanyia pawe pale watu wanapokwenda tayari. Kila mtaa una nyumba ya kuchajia simu na una fundi simu. Mtu anafika hapo mara mbili au tatu kwa wiki. Pipa liwekwe hapo, lenye kifuniko, pakavu, mbali na moto. Mafundi hawa wanajua kuitambua betri ya lithiamu kuliko ofisa yeyote. Walipwe kwa kazi hiyo. Na kifaa kinachoweza kutengenezwa kitengenezwe kwanza, maana taa iliyofufuliwa haina haja ya pipa.

Pili, vitu visichanganywe. Mawe ya redio peke yake. Lithiamu peke yake, ndani ya mchanga mkavu. Betri za asidi zisimame wima, zisifunguliwe kamwe. Simu, redio na sola zilizokufa peke yake. Mapipa manne, alama nne za rangi, hata asiyesoma aelewe. Yakijaa, chukudu au moto yanayapeleka kwenye stoo moja ya mji yenye paa, saruji chini na kufuli, mbali na kambi na mbali na maji.

Tatu, vidange. Taa, sola na betri kubwa zinaponunuliwa Goma kwa jumla, bei iwe na sehemu ndogo inayorudi kifaa kinaporudi. Mama mwenye taa iliyokufa aipeleke dukani akatiwe bei ya taa mpya, kama anavyofanya kwa chupa. Kwa vifaa vya zamani ambavyo havikulipiwa vidange, mashirika yatoe sabuni au chumvi kwa kila kilo inayoletwa. Lakini tunaonya mapema: mkimbizi asinyimwe taa mpya kwa kuwa hana ya zamani. Mtu aliyekimbia usiku na kuacha kila kitu hawezi kudaiwa taa mbovu. Kurudisha kulete faida, kusiwe sharti.

Nne, gari. Kila shirika linalokuja kugawa vitu hapa liandike katika mkataba wake, tangu siku ya kuomba fedha, kwamba gari litarudi Goma na mapipa. Waanze na mabaki yao wenyewe: betri za magari yao, za friji za chanjo, kompyuta za ofisi zao. Barabara ikifungwa kwa sababu ya mapigano, pipa kavu linaweza kusubiri. Mvua haisubiri kuiteremsha sumu mtoni.

Tano, daftari. Kamati ndogo: mfanyabiashara, fundi, muuguzi wa kituo cha afya, mwakilishi wa wenyeji na mwakilishi wa wakimbizi, wanawake wakiwemo. Waandike kilichoingia, kilichotoka, fedha ya vidange iko wapi. Kila mwezi hesabu isomwe redioni, majina ya maduka na mashirika yaliyorudisha na yale ambayo hayakurudisha. Mtu mwenye bunduki asiguse sanduku hilo.

Huko Goma ndipo kazi kubwa inabaki, na hiyo si ya mama anayeuza sambaza. Tangu 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, mabaki yote ya vifaa vya umeme hayavuki mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Kwa hiyo lazima kuwe na stoo yenye vibali na mtu mwenye kujibu mbele ya sheria. Viwanda vya kufungua vifaa hivi kwa usalama vipo Nairobi, na vipo Bugesera nchini Rwanda. Njia ipi ifuatwe katika siasa ya leo, wakubwa waamue. Lakini wasituambie kwamba hakuna pahali.

Na wasituambie kwamba hakuna sheria. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 55 kinasema kuingiza, kuhifadhi, kufukia au kumwaga majini takataka zenye sumu ni jinai. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inaweka kanuni kwamba mwenye kuchafua ndiye anayelipa. Wenye mamlaka hapa, wawe nani, wanajua sana kulipisha. Gari la mizigo linalipa kwenye bariyeri, sokoni linalipa tena. Ikiwa kuna nguvu ya kusimamisha kila gari na kuuliza limebeba nini ili litozwe, ipo nguvu ya kuliuliza linarudi na nini.

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo linalotuuma zaidi. Safari ya simu inaanza hapa hapa. Koltani ya Rubaya, ndani ya Masisi yetu, inatoa tantalamu inayotiwa katika vifaa vya umeme. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba Rubaya peke yake inatoa kama asilimia 15 ya tantalamu yote ya dunia. Kasiteriti ya Bisie, Walikale, inatoa bati la kuunganishia nyaya ndani ya simu hizo. Vijana wetu wanaingia mashimoni, wengine hawatoki. Mawe yanapanda, yanapita mipaka, yanakuwa utajiri wa wengine. Kisha yanaturudia kama simu ya bei ndogo na taa ya sola, na yakishakufa tunaachiwa maiti. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za mabaki ya vifaa vya umeme mwaka 2022, na yaliyothibitishwa kukusanywa na kurejeshwa vizuri hayafiki hata robo. Ndani ya mabaki hayo kuna madini yale yale tunayofia. Dunia inatupa juu ya ardhi kile inachotutuma kuchimba chini yake.

Ndugu wasikilizaji, wakati tunadai haya, tulinde watoto wetu leo. Usichome betri. Usiipasue, hata kwa ajili ya ubao wa shule; tumia makaa. Iliyovimba itoe ndani ya nyumba, iweke kwenye mchanga mkavu. Betri ya asidi isikae jikoni. Kusanya zilizokufa ndani ya bidoni yenye kifuniko, mbali na chakula na mbali na maji, mpaka pipa lifike.

Na siku ya mgao unaofuata, ukisimama kwenye mstari na jetoni yako mkononi, pokea taa yako, ni haki yako. Shukuru, kama tulivyolelewa. Kisha muulize kwa heshima yule anayekupa: Ndugu, ikifa hii, mtakuja kuichukua lini? Wakiulizwa na mtu mmoja watacheka. Wakiulizwa na mstari mzima, itabidi waandike jibu.

Mwandishi wenu, Mweso